Tufe la Moto na zimwi nyuma ya nguzo

Swahiba Salim,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na nilipofika pale mchawi wenu mchezoni alipotaka kulipua Tufe la Moto (Fireball), uchawi wa moto unaolipuka kutoka kwenye kitovu anachokichagua, ndani ya chumba kilichofungwa mlango, nilicheka peke yangu. Unauliza kama ulikuwa sawa kuamua kwamba uchawi umepotea bure. Hapana bwana, uliwaonea huruma. Kanuni za Dungeons & Dragons , mchezo wetu wa kuigiza wahusika kwa dadu, za toleo la 2014 ziko wazi: ukichagua kitovu usichokiona, na katikati kuna kizuizi kama ukuta, kitovu hutokea upande wako wewe. Kwa hiyo moto ulipaswa kulipukia hapo hapo koridoni, futi 20 kila upande, na wenzake wote warushe dadu za kujiokoa huku wakimtazama kwa jicho baya.

Swali lako la pili, kama Tufe la Moto linaliunguza zimwi lililojificha nyuma ya nguzo, ndilo gumu. Naona mlibishana sana kwa sababu kila mtu alikuwa na sentensi ya kweli mkononi. Mmoja alishika kanuni ya jumla: chora mstari ulionyooka kutoka kwenye kitovu, mahali pasipofikiwa na mstari hata mmoja, kwa kuwa pana kinga kamili (kizuizi kinachoficha mwili mzima), hapaguswi. Mwingine alishika maelezo ya uchawi wenyewe, yanayosema moto huu huzunguka kona. Huyu wa pili ndiye mshindi. Kanuni mahususi huishinda ya jumla, na kitabu kinasema hivyo tangu utangulizi. Zimwi linaungua. Ingekuwa Radi (Lightning Bolt), ule uchawi wa mstari wa futi 100 kwa 5, lingepona, maana Radi haikupewa ruhusa ya kukata kona.

Ila mkihamia toleo la 2024 jihadharini: sentensi ya kona imeondolewa. Nguzo ile ile, zimwi lile lile, jibu jingine. Mimi binafsi sikupendezwa. Moto unaoishia kwenye kona kama askari aliyeamriwa asimame hauniingii akilini.

Kitabu hakisemi futi 20 zinapimwaje moto ukishapinda. Wapo wanaopima kwa mstari ulionyooka, kana kwamba nguzo haipo. Mimi nahesabu njia ya moto wenyewe: kutoka kwenye kitovu hadi kona, kisha kutoka kona hadi kwa adui. Kwa nguzo nyembamba tofauti ni ndogo, lakini kwa ukuta mrefu mtu anaweza kuokoka kabisa. Miraba ya ramani, kila mmoja futi 5, iliyofunikwa kipande isiwasumbue: duara likifunika nusu ya mraba au zaidi, mraba mzima umo.

Basi niandikie kitovu kiliwekwa wapi, na zimwi lilikuwa miraba mingapi kutoka hapo kwa kuzunguka. Ikizidi minne, hata kwangu limepona, na mchawi wenu asininunie.

Wako,
Idi