Barua kwa Baba Ndinda kuhusu ng'ombe wa Tuala

Lang'ata, Nairobi

Kwako Baba Ndinda,

Pokea salamu zetu, wewe na Mama Ndinda pamoja na watoto. Sisi hatujambo, ila baridi ya Julai inatukomesha.

Umeniuliza kama uwauze ng'ombe kwa kuwa mchungaji wako ameona nyati ng'ambo ya Mto Mbagathi. Usiuze. Hiyo hofu yako nataka uihamishe tu: uitoe kwa nyati uipeleke kwenye zizi na jikoni.

Mbuga hii ya Taifa ya Nairobi imekuwepo tangu 1946, ina uzio pande tatu, na upande wa kusini uko wazi. Aliyenunua shamba Tuala, upande huo, kanunua na majirani wa porini. Nyumbu na pundamilia watakula nyasi za ng'ombe wako na kunywa maji yao. Mwanzoni mwa mwaka nyumbu wanapozaa, wazee wa Kimaasai watakwambia uwatoe ng'ombe hapo walipo ndama wa nyumbu. Wasikilize, maana ule ugonjwa wa nyumbu hauna tiba na ng'ombe akiupata ni wa kufa. Lakini binadamu haumpati. Utakula hasara, hutalazwa.

Magonjwa yanayonikosesha usingizi mimi ni yale yanayotoka kwa ng'ombe na kuingia kwa mtu. Chukua brusela, ugonjwa wa kutupa mimba. Ng'ombe anatupa mimba, kondo la nyuma linakwama, kijana wako analivuta kwa mikono mitupu, anajifuta kwenye nyasi, kisha anaketi kukamua. Mkwaruzo mdogo kidoleni unatosha. Wiki kadhaa baadaye ana homa ya kuja na kuondoka, jasho la usiku, viungo vinauma, na zahanati inamtibu malaria, halafu taifodi. Hata kile kipimo cha haraka cha brusela kinachotumika sana vituoni huwaambia wengi kwamba wanaugua kumbe hawaugui, kwa hiyo mpeleke palipo na maabara nzuri. Akithibitishwa, atameza dawa za aina mbili kwa wiki sita hivi, na asiziache akipata nafuu.

Machinjioni ninapokagua nyama, kuna ng'ombe anaingia amenona, ngozi inang'aa, huwezi kumshuku. Nikipasua tezi za mapafu nakuta usaha mkavu wa manjano, na kisu kinakwaruza kama kimepita mchangani. Hiyo ni kifua kikuu. Ikiwa imeenea mwilini, mnyama mzima anatupwa, na mwenye mali anapiga kelele mpaka nje ya lango. Mimi huwa nawaza maziwa. Kama ni jike, alikamuliwa miaka mingapi kabla ya kufika kwangu, na nani aliyanywa?

Kwa hiyo maziwa ya nyumbani kwako yachemshwe mpaka yapande, ya watoto na ya wageni pia. Mama mkwe asipokubali, mwambie ni mimi niliyesema. Na maziwa lala yatengenezwe kwa maziwa yaliyokwisha kuchemshwa. Usitegemee uchachu uue brusela.

Kimeta, ugonjwa unaoua mnyama ghafla, ndicho kitu ambacho lazima mchungaji akikariri. Akikuta mnyama amekufa ghafla, wa porini au wa zizini, damu nyeusi isiyoganda inatoka puani au nyuma, asimchune, asimpasue, asimpe mbwa. Ukimfungua, vijidudu vikipata hewa vinageuka mbegu zinazokaa udongoni miaka na miaka. Nyati wa Ziwa Nakuru walipokufa kwa kimeta mwaka 2015, ilionekana wazi kwamba porini hakuna wa kuwachanja. Wako wanachanjika: chanjo ya kimeta na chambavu (ule ugonjwa wa kuvimba misuli), kila mwaka. Ni bei ndogo kuliko ndama mmoja.

Kuna pia homa ya Bonde la Ufa, iliyotambuliwa mara ya kwanza kwenye shamba karibu na Naivasha, taarifa yake ikachapishwa 1931. Mbu huacha mayai yenye virusi kwenye udongo wa mabonde, yanasubiri mafuriko. Mvua kubwa za mwisho wa 2006 zilileta mlipuko uliowaua watu zaidi ya 150 nchini mwetu. Ukisikia watabiri wanataja El Niño, chanja mapema. Ugonjwa ukishaingia hatuchanji, maana sindano yenyewe huweza kuupeleka kutoka ng'ombe hadi ng'ombe.

Glavu ndefu za kuzalisha nitakununulia hapa mjini, zile zinazofika begani. Kijana atalalamika kwamba zinateleza, atazoea.

Na yule mtamba unayemnyemelea Kitengela, usimlipe mtu senti kabla damu haijapimwa brusela. Muuzaji akikataa kupimwa, achana naye, ng'ombe hawajaisha Kajiado.

Wako,
Wafula