Bristol nayo ina boti, sio London tu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo hapo kwenye barua. Kila nikisoma habari za Waswahili wenzetu wanaokuja kutembea Uingereza ni London, London, saa kubwa ile na daraja lile la kufunguka, picha zikishapigwa basi safari imeisha. Jamani Bristol ipo, chini ya masaa mawili kwa treni, na kuna boti za kuzungusha watu bandarini, na kwa sisi tuliokulia pwani ile boti ina utamu wake.

Manake cha kwanza utachoshangaa ni kwamba maji hayapwi. Kaa pale asubuhi mpaka jioni maji yapo palepale utadhani bwawa. Sasa mto wenyewe, Avon, unamwaga kwenye mlango wa mto Severn ambako maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 12, yani kwetu bamvua likiwa kali ni mita 4 hivi na ufukwe wote unaliwa, we fikiria 12! Zamani meli zikiingia mjini, maji yakipwa zinabaki zimekaa kwenye tope zimelalia ubavu, mbao zinaachia, wenye mizigo wakaanza kuona bora bandari zingine kama Liverpool, ndo injinia William Jessop akapewa kazi. Akachimba mfereji mpya pembeni mto ukapitishwa huko, ule wa zamani akaufungia maji kwa mageti, ikaisha 1809, na tangu hapo vyombo vinaelea muda wote. Mi hii ndo iliniingia kuliko hata ile meli ya injinia mwingine, Brunel, wanayoisifia.

Nayo sio mbaya lakini. SS Great Britain, ya chuma, inasukumwa na pangaboi, ilishushwa majini 1843 halafu ikawa pana kuliko geti la kutokea! Ilikaa ndani humo mpaka mwisho wa 1844 ndo ikatoka, baada ya kubomoa mawe ya geti. Uzeeni ikatelekezwa huko visiwa vya Falkland, na 1970 wakaikokota mpaka nyumbani, kwenye chelezo kilekile ilikojengwa, na ukiwa kwenye boti unapita ubavuni kwake kabisa.

Ila mhariri kuna kitu kimeniudhi. Boti tuliyopanda sisi yule wa kwenye maiki aliongea weee, meli, mawinchi ya umeme ya 1951, mpaka nyumba za rangirangi kule mlimani, tulipofika daraja la Pero akasema tu oneni yale mapembe yake, watu klik klik, tukapita. Pero ni nani? Hakuna aliyeambiwa. Pero Jones alikuwa mtumwa aliyeletwa kutoka kisiwa cha Nevis na bwana wake John Pinney, tajiri wa mashamba ya miwa, ambaye nyumba yake mjini hapo sa hizi ni makumbusho. Na ni karibu na daraja hilohilo ndo Juni 2020 watu waliburuta sanamu ya Edward Colston, mkubwa wa kampuni iliyosafirisha watumwa kutoka Afrika Magharibi, wakaitosa majini.

Najua watumwa wengi hawakushushwa Bristol, meli zilitoka hapo na bidhaa, zikachukua watu Afrika zikawauza Karibi na Marekani, zikarudi na sukari na tumbaku, kwa hiyo mgeni haoni mnyororo wowote anaona maghala mazuri. Si ndo sababu ya kumwambia sasa? Mgeni akija Unguja anapelekwa Mkunazini lilipokuwa soko la watumwa na anaelezwa yote.

Kwa hiyo mtakaopanda ulizeni, maiki isiwatishe. Vaeni koti hata kama ni Julai. Mkishuka ingieni makumbusho ya M Shed hapohapo gatini, bure, sanamu ya Colston ipo ndani imelazwa na rangi walizoipaka bado zipo.

Msomaji wenu,
Mtoto wa Tanga, Bristol