Hatukuuzii Maji kwa Bei ya Kobalti

"Mnatuuzia maji kwa bei ya kobalti." Kwetu wauzaji wa kemikali za maabara, lawama hii haikomi. Juzi imerudi tena: mteja katuletea chupa ya kloridi ya kobalti akidai tumeichakachua, kwa kuwa kitabu chake kinasema ni ya buluu na yeye kapewa ya waridi. Kwa kuwa hayuko peke yake, tulieleze hapa.

Zote mbili ni halali. Ya buluu ni kavu, CoCl₂. Ya waridi ni CoCl₂·6H₂O, na hayo maji sita ni sehemu ya fuwele yenyewe, si unyevu uliomwagikia chupani. Ndiyo, asilimia 45 hivi ya uzito wake ni maji. Hatufichi, lebo inasema, na bei yake iko chini kwa sababu hiyohiyo. Ile kavu ni ghali kwa kuwa mtu ameikausha na kuifunga isiguse hewa, na sisi tukiifungua kukupimia tunakimbizana na unyevu. Iache wazi mezani uone: inaingia zambarau, kisha waridi. Hapo umelipia kavu ukabaki na ya maji, na hakuna aliyekuibia.

Hasara yenyewe inatoka kwa anayenunua ya waridi kwa unafuu wake, halafu akapima kwa hesabu ya ile kavu. Lita moja ya myeyusho wa 0.1 M (moli 0.1 kwa lita) inataka gramu 12.98 za kavu, au gramu 23.79 za waridi. Kuna fundi wa maabara aliyepima 12.98 za waridi kwa zoezi la darasa zima. Akapata kama 0.055 M, karibu nusu ya alichotaka. Majibu ya wanafunzi yalilingana wao kwa wao, ila hakuna hata moja lililokaribia la mwalimu, na simu ikapigwa kwetu: kobalti yenu dhaifu. Zoezi likarudiwa, chupa nyingine ikanunuliwa, na ule unafuu ukaishia hapo.

Wengine hununua ya maji wakaikausha wenyewe jikoni. Tafadhali, sufuria ya chakula ibaki ya chakula. Chumvi za kobalti zinazoyeyuka ziko kundi la 2A la IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, yaani huenda zinasababisha saratani, na vumbi lake halifai kuvutwa. Mwenye oveni ya maabara na desiketa (chombo cha kuhifadhia vitu visishike unyevu), sawa, kobalti na salfeti ya shaba zinakaushika kwa subira. Lakini usichukulie kwamba kila chumvi itakubali. Kloridi ya chuma (III) yenye maji ukiichoma inatoa gesi ya asidi inayokereketa koo, na unachobakiza ni oksidi, si ile chumvi kavu uliyoitarajia.

Halafu kuna salfeti ya shaba ya shambani. Rangi nzuri, fuwele kubwa, bei ya kuchekesha ukilinganisha na yetu. Mteja wetu wa siku nyingi alihamia huko, akaitumia kupima shaba kwa iodidi na thayosalfeti (shaba hutoa iodini kutoka kwenye iodidi, na thayosalfeti huipima hiyo iodini), na kila mara akapata shaba nyingi kuliko inavyowezekana. Alipotuletea kiganja, tulikoroga kidogo kwenye maji na kudondosha amonia. Kwanza mashapo ya buluu hafifu, kama kawaida. Amonia ilipozidi, mashapo yakayeyuka na kuwa buluu nzito ya kupendeza, ila chini ya neli kukabaki utelezi wa kahawia. Hicho ni chuma. Chuma (III) nacho hutoa iodini vilevile, kwa hiyo kilikuwa kinahesabiwa kama shaba. Kwa shamba haina neno. Kwa titresheni, yaani upimaji kama huo wa kudondosha myeyusho, lipia ya daraja la uchambuzi, iliyo safi zaidi.

Tukirudi kwenye kobalti, malalamiko ya "haigeuki rangi" katika zoezi la waridi na buluu mengi ni ubahili wa asidi. Myeyusho wa waridi unageuka buluu kloridi inapokuwa nyingi kiasi cha kuyasukuma maji kando ya kobalti. Hiyo inataka asidi ya haidrokloriki kali, si ile uliyoichanganya na maji ili itoshe madarasa matatu. Yale maji yanairudisha kwenye waridi. Ukifika rangi ya zambarau, zamisha neli kwenye maji ya moto iende buluu, kisha kwenye barafu irudi waridi. Neli ileile hutumika tena na tena, kwa hiyo kubania asidi hakuna faida yoyote. Na ukimaliza usiimwage sinkini, ikusanye kwenye chupa ya taka za metali.

Ukiagiza, andika fomula nzima pamoja na ile nukta na idadi ya maji, na ututajie kazi unayoifanyia. Chupa isiyofunguliwa tunaibadilisha bila mjadala. Iliyofunguliwa hatuipokei, hata kama umechota kijiko kimoja tu, kwa sababu hatuwezi kumuuzia mwingine kitu tusichojua kimekaa wapi.