Hatua 31 kutoka mlangoni hadi zizini

Dodoma, Jumapili jioni

Mpendwa Mama Baraka,

Mbukwenyi! Hiyo ndiyo salamu ya huku kwetu. Sisi hatujambo. Imani ameanza darasa la kwanza, na mama yupo. Miguu bado inamsumbua lakini kanisani anafika. Nasi tunawaombea ninyi nyote huko Morogoro.

Juzi uliponipigia simu nilijua kwa sauti yako kwamba hulali vizuri. Baada ya miaka yote ya uwakili wa mirathi na viwanja, sasa umepangiwa kumtetea mshtakiwa wa mauaji, tena ya kijijini, mbali na lami. Uliniuliza, "Mwenzangu, naanzia wapi?" nikakujibu juu juu kwa sababu nilikuwa garini. Leo nimetulia, nataka nikujibu kama inavyostahili.

Anzia pale mtu alipofia. Jalada utalisoma, na utalirudia mpaka ulijue kwa moyo, lakini kabla hujaamini neno lolote lililomo, nenda ukasimame mahali penyewe. Nakwambia hivi kwa sababu ya kesi yangu iliyokwisha mwaka huu. Hukumu yake imesomwa mbele ya watu, hata hivyo sitakutajia jina la mtu wala la kijiji. Wale ni majirani na bado wanaishi pamoja.

Mteja wangu ni mzee wa miaka zaidi ya sitini, mfugaji, wa upande wa Bahi. Nilipokutana naye alikuwa ameshakaa mahabusu zaidi ya miaka mitatu. Utaratibu unaujua: mauaji hayana dhamana, na Mahakama ya Wilaya haina mamlaka ya kuyasikiliza, kwa hiyo mtu anapandishwa karandinga, anaambiwa upelelezi haujakamilika, anarudishwa gerezani, na baada ya siku 14 mambo ni yale yale. Yeye hakuhesabu miaka. Aliniambia, "Mvua tatu zimenyesha, mwanangu, sijalima."

Siku ile ya kwanza aliniuliza swali ambalo sikulitarajia. "Wewe unalipwa na nani?" Nikamwambia, na Serikali, kupitia Mahakama. Akanyamaza. Kisha akauliza, "Na yule anayenishtaki?" Nikaona kabisa imani inavyomtoka usoni. Mama Baraka, usilipuuze hilo. Mtu wa kijijini anajua ng'ombe wawili wa zizi moja hunywa birika moja. Nilimweleza mara tatu kwamba mimi ni wake, si wa Serikali, na hakuniamini mpaka siku niliyorudi kutoka kijijini kwake na kumwambia mlango wa nyumba ya jirani yake unatazama upande gani.

Mashtaka yalisimama juu ya mambo matatu: mjane alisema alimtambua, mzee mwenyewe alikuwa na maelezo ya onyo yanayokiri, yale yanayoandikwa polisi baada ya mtuhumiwa kuonywa, na wiki chache kabla ya kifo palitokea ugomvi wa ng'ombe walioingia kwenye shamba la uwele la marehemu. Ukiyasoma usiku, peke yako, unaona kamba tayari iko shingoni. Nami nilifikiria kumshauri akiri kosa dogo la kuua bila kukusudia, ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha lakini jaji ana nafasi ya kupima. Nilimweleza kwa uaminifu faida na hatari zake, maana ni haki yake kujua. Akanitazama. "Nikiri nini? Sikuwapo." Sikulirudia tena.

Basi nikaenda. Basi hadi njia panda, kisha bodaboda karibu saa nzima, vumbi hadi kwenye kope, mibuyu haina hata jani moja. Mtendaji wa kijiji nilimpigia kabla, nikajitambulisha kwa mwenyekiti wa kitongoji, na nikaomba ruhusa ya familia ya marehemu. Fanya hivyo bila kukosa. Ukiingia kwenye boma la watu kimyakimya wewe ni wakili wa muuaji aliyekuja kuvuruga. Ukipiga hodi na kusema pole, wewe ni mgeni. Niliketishwa kwenye kigoda, nikapewa maji. Mjane hakuwapo, alikuwa kwa wazazi wake, na nilifurahi, kwa sababu yeye ni shahidi na sikutaka hata kivuli cha kusemwa kwamba nilimfuata.

Nyumba ni ya tembe, ile ya kwetu ya zamani, paa la udongo, fupi, kitundu cha dirisha hakizidi upana wa sahani. Taa aliyoisema mjane ilikuwa bado imening'inia kwenye nguzo ndani: taa ndogo ya sola, kama ya kuchajia simu. Nilisimama mlangoni nikahesabu hadi kwenye mlango wa zizi. Hatua 31. Katikati pana uzio wa miiba unaonifika kidevuni. Nikamwomba kijana wa pale awashe taa, tukasubiri giza liingie. Saa mbili usiku nilisimama nilipoambiwa mjane alisimama, na kaka yake marehemu akaenda kusimama zizini. Niliona kitu cheusi chenye urefu wa mtu. Kama nisingejua ni yeye, nisingejua ni nani. Naye aliporudi alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema taratibu, "Kumbe." Neno hilo moja sikulipeleka mahakamani, lakini ndilo lililonipa nguvu.

Na mwezi je? Maana katika maelezo yake mjane alisema pia kulikuwa na mbalamwezi. Jirani yangu hapa ni Mwislamu, nikamwomba kalenda yake. Usiku ule ulikuwa wa 27 wa mwezi mwandamo. Mwezi wa tarehe hiyo hautoki mpaka alfajiri inakaribia.

Kuhusu sheria ya utambuzi sitakuchosha. Rudi kwenye kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1980, yote yamo: shahidi alimwona mtu kwa muda gani, umbali gani, mwanga ukoje, anamfahamu au la. Wenzetu wengi wanaitaja kesi hiyo kwenye majumuisho kama dua. Wewe ingia nayo kijijini, upime kila swali kwa miguu yako. Ukishatoka hapo chukua kesi ya Marwa Wangiti Mwita ya mwaka 2002, kuhusu shahidi kumtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo. Kijijini "mapema" ina sura yake, nayo ni yowe. Mtu akiuawa, yowe linapigwa, watu wanakuja na mienge na marungu, na jambo la kwanza wanalouliza ni nani. Maswali yako yote ya dodoso, yale ya kumhoji shahidi wa upande wa pili, yako hapo.

Mjane alipopanda kizimbani cha mashahidi alikuwa amejifunga khanga mbili, na mikono yake haikutulia. Nilimwambia, "Mama, pole kwa msiba." Akajibu, "Nimeshapoa." Nikamuuliza nani alifika kwanza alipopiga yowe. Shemeji yake. Alimwambia nini? "Nilimwambia wamemuua." Ulimwambia nani amemuua? Alinyamaza hadi Mheshimiwa Jaji akainua kichwa. "Nilikuwa nalia," akasema. Katika maelezo yake ya kwanza polisi, kesho yake asubuhi, alisema ni watu ambao hakuwatambua. Jina la mzee wangu lilitokea kwenye maelezo ya pili, siku moja baada ya maziko. Kati ya siku hizo mbili ukoo ulikaa kikao.

Hapo uwe makini na utaratibu. Usiseme tu kwamba shahidi anajipinga. Muonyeshe maelezo, ayatambue kuwa ni yake, sehemu zinazopingana zisomwe, apewe nafasi ya kueleza, ndipo uombe yapokelewe kama kielelezo. Ukiruka hatua moja, kwenye rufaa karatasi hiyo haitahesabika.

Sikumkaripia, wala sikumwita mwongo, na sikuamini kwamba ni mwongo. Alimpoteza mume usiku, na wiki nzima watu aliowategemea wakamwambia alichokiona. Mwisho wake akakiona. Ningemfokea pale, kila mtu aliyejaa kwenye zile benchi angekuwa upande wake, na angekuwa na haki.

Maelezo ya onyo yalikuwa kazi nyingine. Mzee alikamatwa Jumanne alfajiri. Aliandikiwa maelezo Alhamisi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inatoa saa nne tangu mtu anaposhikwa, na zaidi ya hapo lazima muda uongezwe kwa utaratibu. Niliweka pingamizi kabla hayajapokelewa, tukaingia kwenye kesi ndani ya kesi, ya kuamua kwanza kama yapokelewe. Lakini kilichonigusa zaidi ya saa ni lugha. Maelezo yalisema, "Nilimshambulia marehemu kwa silaha yenye ncha kali sehemu za kichwani." Mzee wangu Kiswahili chake ni cha mnadani: bei, maji, majani, ng'ombe wa rangi gani. Tangu mwaka 2021 kesi zetu zinaendeshwa kwa Kiswahili, na ni jambo jema sana, lakini kwa mtu kama yeye hata Kiswahili kinahitaji mkalimani. Nilimwomba askari aliyeandika aeleze mzee alitumia neno gani la Kigogo kusema "ncha kali", na nani alimtafsiria. Hakukuwa na mkalimani. Yalikataliwa. Soma maelezo ya mteja wako kwa sauti, Mama Baraka, kisha mkae mzungumze mambo ya kawaida, watoto, mvua, kilimo. Utasikia kama ni mdomo mmoja.

Ugomvi wa ng'ombe ulimalizwa na daftari. Ni daftari la shule, jalada limechanika, ambamo mwenyekiti wa kitongoji anaandika mashauri. Humo mlikuwa na tarehe, fidia ya mbuzi wawili, na alama mbili za dole gumba za wino wa buluu, ya marehemu na ya mzee, zimekaa jirani jirani. Walipatana wiki tatu kabla ya kifo. Hakuna mpelelezi aliyewahi kuliomba daftari hilo. Lilikuwa rafuni kwa mwenyekiti wakati wote, chini ya kopo la chumvi.

Na usisahau taarifa ya utetezi wa kutokuwapo eneo la tukio. Itoe mapema; ukichelewa mahakama inaweza isiupe uzito wowote. Kwa upande mwingine, yasiyo na ubishi yakubali kwenye usikilizwaji wa awali. Mimi kifo na ripoti ya daktari sikuvibishania, na Jaji aliniamini zaidi kwenye yale niliyoyabishania.

Uliniuliza pia unaogopa nini hasa. Nadhani unaogopa kile ninachokiogopa mimi. Ukishindwa, jaji hana la kuchagua, adhabu ni kifo. Hapa hapa Dodoma, mwaka 1994, Jaji Mwalusanya alitamka katika kesi ya Mbushuu kwamba adhabu ya kifo inapingana na Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikakubali kwamba ni ya kikatili na inadhalilisha, lakini ikasema Katiba inairuhusu. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha, katika shauri la Ally Rajabu, ikasema kumlazimisha jaji kuitoa kunavunja haki ya kuishi. Hakuna aliyenyongwa nchini tangu katikati ya miaka ya 1990, ila kusubiri kunyongwa nako ni maisha ya mtu. Nilipopita nje ya ukuta wa gereza la Isanga nikienda kumwona mzee nilikuwa nafikiria hilo kila safari, na sikuona aibu kuogopa.

Aliachiwa huru. Siku 30 za notisi ya rufaa zimepita, upande wa pili haujakata. Jioni ya hukumu nilimnunulia chai na chapati, akala nusu, nyingine akaifunga kwenye gazeti ampelekee mjukuu aliyezaliwa akiwa ndani. Kisha akaniuliza, "Na aliyemuua jirani yangu, wanamtafuta?" Sikuwa na jibu. Mjane alikuwa ng'ambo ya barabara akisubiri gari lile lile la kurudi kijijini, maana ni moja tu kwa siku. Mzee alivuka akaenda kumsalimia. Sikusikia walichosema. Walipanda wote wawili, yeye mbele, mama nyuma.

Sasa wewe: kabla ya Ijumaa niandikie mlango wa nyumba uko upande gani, taa ilikuwa wapi, na nani alifika kwanza kwenye yowe. Nenda na futi ndefu ya fundi, mimi nilikosea kwenda na miguu tu, Jaji akaniuliza hatua moja ni sentimita ngapi. Jumamosi panda treni ya asubuhi uje na jalada lote tulipitie sebuleni, watoto nitawapeleka kwa dada. Mama amekuwekea karanga za kukaanga na mlenda mkavu wa kupeleka nyumbani.

Msalimie Baba Baraka.

Ni mimi wako,
Mama Imani