Barua ya wazi kwa madensa wetu: msome habari za Katherine Dunham

Hamjambo wanangu. Naandika kwa nyie madensa, mnaopiga stepu nyuma ya wasanii, mnaojirekodi klipu uwanjani, na wale mnaoitwa kucheza kwenye mahoteli makubwa halafu mnaambiwa mpite mlango wa jikoni. Hilo la jikoni ndo limenifanya niandike, maana nawasikia wengi mnasema bora tu hela iingie.

Kuna mama mmoja densa wa Marekani, Katherine Dunham, kazaliwa jimbo la Illinois mwaka 1909, mweusi kama sisi. Alianza na shule. Alisoma anthropolojia Chuo Kikuu cha Chicago, yaani kusomea watu na mila zao, na mwaka 1935 akapata ufadhili akaenda visiwa vya Karibi, Jamaika, Martinique, Trinidad mpaka Haiti, akakaa na wazee akacheza nao, na Haiti wakamwingiza kabisa kwenye dini yao ya vodun. Alitaka kujua ngoma hii inachezwa lini, nani anaruhusiwa, mdundo upi unamuita nani. Aliporudi akatengeneza mtindo wake, mpaka leo unafundishwa kwa jina lake, bega linafanya kazi peke yake kichwa kimetulia tuli, kiuno kinazunguka miguu imekita chini, na mpiga ngoma yupo hapohapo darasani. Mtu wa Mtwara aliyekulia kwenye sindimba akiangalia atajiona yuko kwao.

Sasa sikilizeni. Mwaka 1944 alikuwa na kundi lake la densi kwenye shoo Louisville, jimbo la Kentucky, wazungu wamekaa chini, weusi wamepandishwa juu roshani. Shoo imeisha watu wanapiga makofi, yeye akasimama akawaambia hapa hatutarudi tena, kwa sababu wenye ukumbi hawataki watu kama sisi wakae karibu na watu kama nyie. Aliwaambia palepale jukwaani, usoni kwao.

1950 akafika São Paulo, Brazil, Hoteli Esplanada ikamnyima chumba ilipojua ni mweusi. Akalisema hadharani, magazeti yakalibeba, likafika bungeni kwao, na 1951 ikapita sheria ya Afonso Arinos, ya kwanza Brazil kuufanya ubaguzi wa rangi kuwa kosa, mahotelini, madukani, mashuleni. Densa huyo, tena mgeni!

Na gharama alilipa, siwafichi. 1951 huohuo kule Santiago, Chile, alipandisha jukwaani densi yake iitwayo Southland, kisa cha mweusi anayesingiziwa halafu kundi la wazungu linamnyonga, ubalozi wa nchi yake ukachukia sana, na serikali iliyokuja kuwalipia wasanii wengine ziara za nje yeye ikamnyima, na kundi zima lilikuwa linamtegemea yeye. Hakubadilika. 1992, ana miaka 82, aligoma kula siku 47 kwa ajili ya wakimbizi wa Haiti waliokuwa wanarudishwa na Marekani, mpaka Aristide mwenyewe, rais wao aliyepinduliwa, akamwomba aache. Haiti ilimfundisha ngoma akiwa binti na deni hilo alilijua.

Mimi ninavyoona ule ujasiri na ile shule ni kitu kimoja. Anayejua ngoma yake imetoka wapi na nani kamfundisha hawezi kukubali kupitishwa jikoni, anajua kabeba watu wengi mgongoni. Nyie stepu mnazitoa kwenye simu mnazirudisha kwenye simu, ndo maana promota akisema kaa pembeni mnakaa.

Nachowaomba, kila kundi lichague ngoma moja ya kwao, iwe mganda, lizombe, mdundiko, mkamtafute mzee anayeijua mkae naye, na siku ya kwanza msiende na kamera. Halafu kabla ya shoo ulizeni mapema mnaingilia mlango gani, mnabadilishia nguo wapi, mnakula wapi, na iandikwe kwenye mkataba. Wakikataa, kataeni wote, siyo mmoja anagoma wengine wanajipenyeza kuchukua nafasi yake. Kundi ambalo halimjui mzee wa ngoma yao waje kwangu, niwapeleke.