Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ruzuku ya Serikali na Mkulima wa Zabibu

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama atazisoma mweka hazina. Mimi nitazungumzia ruzuku, maana hakuna kikao tulichokaa mwaka huu isitajwe.

Mzabibu huchukua miaka mitatu hivi kabla ya kutoa mavuno ya maana. Miaka yote hiyo mkulima ananunua nguzo, waya na dawa ya ubwiri unga (ugonjwa wa ukungu mweupe), analipa vibarua wa kupogoa, na shamba halijamrudishia kitu. Fedha ya serikali inayokuja msimu wa kuvuna inakuwa imemkuta ameshakopa.

Jambo la pili ni njia inayopita fedha hiyo. Tazameni Kanada. Mvinyo wa zabibu za huko ulikuwa umesamehewa ushuru wa bidhaa, Australia ikalalamika mbele ya Shirika la Biashara Duniani mwaka 2018, na msamaha ukafutwa Juni 30, 2022. Serikali ikaleta ruzuku inayolipwa viwanda kwa kiasi cha mvinyo vilichochachusha nchini. Siwalaumu wenye viwanda, wengine ni wanachama wetu na bila matangi yao zabibu zetu zingeozea kwenye kreti. Lakini fedha inayohesabiwa kwa lita humfikia kwanza mwenye tangi. Mwenye shamba anasubiri bei ipande, kama itapanda. Ndiyo maana kamati imeomba sehemu ya ruzuku ihesabiwe kwa shamba, na nitaendelea kuidai.

Ufaransa imenisikitisha zaidi. Mwaka 2023 ilitenga euro milioni 200 kugeuza mvinyo uliokosa wanywaji kuwa spiriti ya viwandani, na wakulima wa eneo la Bordeaux wakaahidiwa euro 6,000 kwa hekta wang'oe mizabibu. Kumlipa mtu ang'oe alichokilea kwa mikono yake! Wanachama wanaotaka tudai fedha za kupanua mashamba, naomba kwanza tuulize nani atanunua.

Sasa la kwetu. Ruzuku nyingi hurudisha gharama: unatumia kwanza, unadai baadaye. Mama mmoja, mwenzetu, alikuja ofisini na risiti zake kwenye mfuko wa nailoni. Tulizipanga mezani moja moja. Za waya na nguzo, zile za karatasi ya mashine, zilikuwa zimefifia hadi nyeupe. Tukaziinua dirishani tukitafuta namba, hatukuziona. Dai lake lilikataliwa, na waya ule upo shambani kwake, nimeushika mwenyewe. Tulikata rufaa, jibu halijabadilika. Naumia kwamba chama hakikumwahi mapema.

Kwa hiyo kamati imeamua: kila risiti itolewe nakala ofisini wiki ileile ya manunuzi, bila malipo, na katibu aiandike daftarini kwa jina la mwenye shamba. Wale wenye mashamba yaliyoandikwa kwa jina la marehemu, njooni tuanze kuyarekebisha kabla maombi ya ruzuku hayajaanza kupokelewa. Leteni na risiti za msimu uliopita, hata zilizoanza kufifia.