Shoga, Buguruni tumehama

Chanika, Dar es Salaam
14 Juni

Shoga yangu Mama Nasra,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto. Sisi wazima, ila visigino vyangu vimepasuka kwa vumbi la huku. Juzi uliponiuliza kama kweli tumehama, simu ikazima chaji, nikajua utadhani nimekukwepa. Tumehama shoga. Hayawi hayawi yamekuwa, leo wiki ya tatu.

Ile kodi ya Buguruni unaijua: chumba na sebule laki na ishirini, na miezi sita kwa mkupuo. Mwaka huu mama mwenye nyumba akapandisha hadi laki na nusu. Baba Feisal akapiga hesabu nyuma ya daftari la mtoto, laki tisa. Akasema, "Hii si mifuko hamsini ya simenti?" Halafu mita moja ya umeme wa LUKU watu wanne, na mwenye friji anaapa friji lake halili umeme. Kila mwezi inakatwa 1,500 ya kodi ya jengo. Jengo si letu, kodi tunalipa sisi!

Basi tukaamua kununua nyumba hii ya Chanika. Benki tulijaribu. Afisa alitusikiliza vizuri, kisha akauliza kama nyumba ina hati. Haina. Huku wengi tunashika karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa, nayo haikumtosha. Ikabidi mkopo wa SACCOS ya kazini kwake, mgao wangu wa kikoba, na ile laki tano yako. Milioni 24, vyumba viwili vimekwisha, sebule haina dari wala sakafu.

Sasa kaa vizuri nikupe kisa. Muuzaji tulimkuta peke yake, mpole, ana haraka. Dalali ana haraka kumzidi, kila siku kuna mtu wa Mbagala anakuja kesho na pesa taslimu. Baba Feisal akataka tumalizane. Mimi nikaenda kwa bibi wa nyumba ya pili anayeuza mkaa, kisingizio maji ya kunywa, maana nilitaka kujua masika mvua inapita wapi. Akanionyesha, maji yanashukia upande wa korongoni, kwetu hayafiki. Kisha akashusha sauti: "Na mwenzake amekubali?"

Mwenzake nani tena? Kumbe mke yupo, amerudi kwao Mkuranga tangu Ramadhani, na hajaachwa.

Tulipofika kwa mwenyekiti wa mtaa akatutolea uvivu. Nyumba wanayokaa mke na mume, mmoja hawezi kuiuza bila ridhaa ya mwenzake, Sheria ya Ndoa imesema hivyo tangu 1971. Tungelipa siku ile, mama yule angekwenda mahakamani kuweka zuio, sisi tungebaki na funguo na kesi. Dalali akanuna, sikujali.

Jumamosi mama akaja ofisi ya mtaa, mtoto mgongoni. Nilijiandaa kwa matusi. Hakutukana mtu. Akaomba karatasi, akaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, mpaka mjumbe akaanza kutazama saa. Kidole kilipofika penye bei kikasimama. Akamgeukia mumewe: "Mimi uliniambia kumi na nane."

Shoga, palisikika feni tu.

Akasema hasaini mpaka iandikwe kwamba nusu ni yake. Ikaandikwa pembeni kwa kalamu, wote tukatia sahihi pale pale. Jumatatu benki, kila mmoja na chake kwenye akaunti yake.

Nikuambie kweli, furaha yangu ina doa. Kibarazani, saruji ilipokuwa mbichi, mtu aliandika kwa msumari jina lake na la mkewe, na 2016. Nikifagia asubuhi nayapitia yale majina. Baba Feisal anataka kuweka marumaru pale kwanza. Nimemwambia sebule haina sakafu, aanzie huko.

Shida zipo. Tunaamka saa kumi alfajiri tuwahi gari la Gongo la Mboto, na Feisal analala kwenye daladala mdomo wazi. Chemba iliziba wiki ya kwanza, fundi akachukua elfu arobaini, na hapa hakuna wa kumlalamikia. Hati nayo tunasubiri zamu ya urasimishaji wa viwanja, bikoni za mipaka zimeshawekwa.

Laki tano yako naikumbuka. Kikoba tunavunja Desemba, nitakutumia yote kwa pamoja, usinikopeshe maneno kabla ya hapo. Ila njoo kabla ya vuli, maana barabara yetu ikilowa bajaji hazikubali kuingia. Shuka Chanika mwisho, boda ni elfu moja, wakikutajia elfu mbili tembea kidogo watakufuata. Ulizia kwa bibi wa mkaa, sisi ni nyumba ya pili yenye mlimao mbele. Na uje na godoro lako, chumba cha wageni kina mlango tu.

Shoga yako,
Mama Feisal